Kura ya Asiyejua Kusoma

Nilikwenda msibani, nikakutana na maneno yangu mwenyewe. Ilikuwa siku ya pili ya matanga ya mzee mwenzetu mmoja, mwalimu kama sisi, na kama ilivyo desturi ya walimu wastaafu, tulipomaliza habari za marehemu tulihamia kwenye siasa. Tulikuwa tumekaa chini ya turubai, watu kumi hivi, chai imekwisha kugawanywa. Mmoja wetu, ambaye alikuwa mwanachuo wangu miaka ya sabini na baadaye akawa mwalimu mkuu kwa muda mrefu, akasema kwamba ugonjwa wa nchi maskini ni mmoja tu: kura ya mwenye shahada na kura ya bibi kizee asiyeweza kuandika jina lake zinahesabiwa sawa. Dawa yake, akasema, ni nyepesi. Apige kura aliyemaliza kidato cha nne, na wengine wasubiri mpaka wasome. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilipofungua kinywa kumpinga akacheka, akanigeukia kwa adabu zote, akasema, "Lakini Mwalimu, si wewe uliyetufundisha hivyo? Somo la India. Daftari ninalo mpaka leo."

Sikuwa na jibu, maana ni kweli nilifundisha hivyo. Mwaka 1976 nilikuwa mkufunzi kijana wa somo la siasa katika chuo kimoja cha ualimu, kabla sijapewa shule ya kuongoza, na nilikuwa na hakika ya mambo mengi kuliko niliyo nayo leo. Niliandika ubaoni kwamba India ilikosea mwaka 1950 ilipowapa kura watu wasiojua kusoma. Nikaeleza kuwa miaka 25 ya kelele, migomo na vyama visivyohesabika imeifikisha pabaya, na kwamba sasa Waziri Mkuu wao, Bibi Indira Gandhi, ametangaza Hali ya Hatari na mambo yamenyooka: treni zinafika kwa saa zake, makarani wanawahi kazini, kuna mpango wa mambo 20 wa kumwinua mkulima. Mkate kwanza, kura baadaye. Hakuna aliyenilazimisha kusema hayo. Niliyaokota katika magazeti na vijitabu, yakanipendeza. Kwetu pia ilikuwapo sheria ya mwaka 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na mimi sikuona ajabu yake. Basi ya India ningeionaje?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu ninayebishana naye katika kurasa hizi ni yule mkufunzi wa 1976. Huyu wa chini ya turubai ni mwanafunzi wake tu, tena mwanafunzi msikivu, na adhabu ya mwalimu ni kwamba wanafunzi wasikivu hawasahau.

Wazo lenyewe ni la zamani na lina wenyewe wenye heshima. Plato wa Ugiriki aliifananisha nchi na chombo baharini, akauliza ni nani mwenye akili atakayewaachia mabaharia wagombanie usukani na kumdharau nahodha anayejua nyota. Nilipokuwa mkufunzi niliupenda sana mfano huo. Siku hizi nauliza swali ambalo mtoto yeyote wa pwani angeliuliza mara moja: nyota zinamwonyesha nahodha njia ya kwenda Lamu, sawa, je, zinamwambia kama abiria wanataka kwenda Lamu?

Baada ya Plato tumtazame John Stuart Mill, Mwingereza, ambaye kwa India si mtu wa mbali. Mtu huyu, ambaye vitabu vyake kuhusu uhuru bado vinasomwa vyuoni, alifanya kazi katika Kampuni ya India Mashariki mjini London kwa miaka 35, tangu 1823 hadi 1858. Alishughulika na barua za kuitawala India maisha yake yote ya kazi bila kuikanyaga. Katika kitabu chake cha mwaka 1861 juu ya serikali ya uwakilishi alisema kwamba asiyejua kusoma, kuandika na hesabu za kawaida asipige kura, na kwamba wasomi wapewe kura zaidi ya moja. Nimtendee haki: alitaka pia wanawake wapige kura, jambo ambalo wenzake walilicheka, na alitaka elimu iwafikie watu wote kabla ya kuwanyima kura kwa kukosa elimu. Lakini kwa watu aliowaona bado hawajastaarabika aliona kwamba utawala wa mabavu unafaa, mradi nia yake iwe kuwaendeleza.

Hapo ndipo penye kiini cha ubishi wangu. Soma kwanza, ndipo upewe kura: nani atakayekusomesha? Yule yule ambaye cheo chake kinakaa salama maadamu hujasoma. Waingereza waliondoka India mwaka 1947, na sensa ya 1951 ikaonyesha kuwa waliojua kusoma na kuandika walikuwa kiasi cha 18 katika kila 100. Hayo ndiyo mavuno ya ulezi wa kina Mill. Sheria ya Serikali ya India ya mwaka 1935 iliwapa kura wenye mali, walipa kodi na wenye elimu, na katika uchaguzi wa majimbo wa 1937 walioruhusiwa kupiga kura walikuwa milioni 30 na ushei tu, sehemu ndogo ya watu wazima wa nchi ile. Kule Marekani ya kusini mtihani wa kusoma ulikuwa chombo cha kuwazuia Weusi wasipige kura mpaka sheria ya 1965 ilipowakinga. Nimetunga na kusahihisha mitihani kwa miaka zaidi ya 30, nami najua jambo moja: mtunga mtihani ndiye anayeamua nani atashindwa.

Bunge la kutunga Katiba ya India lilikutana kwa mara ya kwanza Desemba 1946 likamaliza kazi Novemba 1949. Mwenyekiti wa kamati iliyoandika rasimu alikuwa Dakta Bhimrao Ramji Ambedkar, aliyezaliwa mwaka 1891 katika jamii ya Mahar, miongoni mwa wale walioitwa wasioguswa. Walimu wenzangu tulitazame darasa lake. Shuleni alikaa juu ya kipande cha gunia alichokuja nacho kutoka nyumbani, kando ya wenzake. Akiona kiu hakuruhusiwa kugusa bomba. Ilimbidi angoje mtumishi wa shule amfungulie maji, na siku ambayo mtumishi hayupo, hakuna maji. Mtoto huyo alikuja kusoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na London School of Economics. Kama kuna mtu India aliyekuwa na haki ya kusema "kura ni ya waliosoma kama mimi", ni yeye. Tangu miaka ya 1920, mbele ya tume za Waingereza, alikuwa akidai kinyume chake: kila mtu mzima apige kura. Alijua kwamba wale walioweka sheria ya bomba lile walikuwa watu wa vitabu. Kwa karne nyingi ubaguzi ulisimama juu ya maandiko na wasomi wa kuyafasiri. Mchunga mbuzi hakuandika hata mstari mmoja wa maandiko hayo.

Basi Kifungu cha 326 cha Katiba iliyoanza kazi tarehe 26 Januari 1950 kikasema kura ni ya kila mtu mzima, mwanamume na mwanamke. Umri ulikuwa miaka 21. Baadaye, mwaka 1989, ukashushwa ukawa 18. Hawakusubiri kisomo. Rajendra Prasad, mwenyekiti wa Bunge lile na baadaye Rais wa kwanza, aliwatetea wanakijiji kwa kuwa alikuwa mwanakijiji mwenyewe: hawajui kusoma, alisema kwa maana, lakini wana akili na wanajua masilahi yao wakielezwa. Jambo la ajabu ni kwamba huyo huyo alisikitika kuwa hawakuweka sharti la elimu kwa wale watakaochaguliwa kuwa wabunge. Sikitiko hilo tutalikuta tena mbele.

Uchaguzi wa kwanza ulianza Oktoba 1951 ukaisha Februari 1952. Walioandikishwa walikuwa kiasi cha milioni 173. Mwendeshaji wake, Sukumar Sen, alikuwa mtu wa hesabu, na alilitazama suala la kutojua kusoma kama mtu wa hesabu anavyolitazama swali gumu, yaani bila kulalamika. Kila chama kikapewa alama inayojulikana hata na mtoto. Congress walikuwa na maksai wawili waliofungwa nira. Kila mgombea akawekewa sanduku lake lenye alama yake, ili mpiga kura adumbukize karatasi tu bila kuandika kitu. Yakatengenezwa masanduku ya chuma yapatayo milioni 2. Wino usiofutika ukapakwa vidoleni. Halafu kukazuka jambo la wanawake. Wengi hawakutaka kuwatajia makarani majina yao. Walijiandikisha kuwa mke wa fulani au mama wa fulani. Sen akakataa. Katiba, alisema, inampa kura mtu, na mtu ana jina. Majina yapatayo milioni 2.8 yakafutwa katika daftari. Magazeti yalilaumu, na kwa kweli ni wanawake wengi mno kuwaacha nje. Mimi nafikiri alifanya sawa, kwa sababu walipoandikishwa upya kwa uchaguzi uliofuata wengi wao walitaja majina.

Wa kwanza kabisa kupiga kura katika uchaguzi ule anatajwa kuwa mwalimu: Shyam Saran Negi wa Kalpa, katika milima ya Himachal Pradesh, ambako walitangulia kupiga kura Oktoba 1951 kabla theluji haijafunga njia. Alikuwa na zamu ya kusimamia uchaguzi, akaomba apige yake mapema aende kazini. Aliendelea kupiga kura katika kila uchaguzi mpaka alipofariki Novemba 2022, akitajwa kuwa na miaka 105, siku chache baada ya kupiga ya mwisho nyumbani kwake.

Habari ya alama inanikumbusha mama yangu, ambaye hakujua kusoma. Mwaka 1965, katika uchaguzi wetu wa kwanza wa chama kimoja, wagombea wawili wa kila jimbo walipewa alama za jembe na nyumba. Mama alikwenda kituoni amevaa kanga yake ya Idi. Aliporudi baba akamwuliza amechagua ipi. Akasema karani amemwambia ni siri. Baba akauliza tena usiku, akajibiwa vile vile. Mwaka ule, nchini mwetu, hata mawaziri walianguka. Mimi nilikuwa kijana wa shule na nililiona jambo hili la jembe na nyumba kuwa mchezo wa kitoto, la kuwapumbaza watu kama mama. Sikujiuliza ni wapi pengine, katika maisha yake yote, mama aliwahi kuwa na siri ambayo baba alilazimika kuiheshimu.

Sasa tufike kwenye somo langu la 1976.

Tarehe 12 Juni 1975 Mahakama Kuu ya Allahabad ilitengua ushindi wa Bibi Gandhi wa mwaka 1971 katika jimbo la Rae Bareli, kwa kesi iliyofunguliwa na mpinzani wake Raj Narain. Usiku wa tarehe 25 Rais Fakhruddin Ali Ahmed akatia sahihi tangazo la Hali ya Hatari. Usiku huo huo umeme ukakatwa katika mtaa wa magazeti mjini Delhi, na wapinzani wakaamshwa vitandani kupelekwa gerezani. Kwa miezi 21 zaidi ya watu 100,000 waliwekwa ndani bila kesi. Magazeti yakakaguliwa kabla ya kuchapwa. Katika eneo la Turkman Gate mjini Delhi, Aprili 1976, nyumba za watu maskini zilivunjwa kwa matingatinga na polisi wakawapiga risasi waliopinga. Mtoto wa Waziri Mkuu, Sanjay, ambaye hakuwa amechaguliwa na mtu yeyote, akashika kampeni ya kufunga uzazi. Kwa mwaka mmoja wa 1976 na 1977 zaidi ya watu milioni 8 walifungwa uzazi, wengi wao kwa kushurutishwa. Novemba 1976 polisi walikizingira kijiji cha Uttawar, jimbo la Haryana, alfajiri, wanaume wakaamriwa kwa kipaza sauti wakusanyike, wakachukuliwa. Katika Uttar Pradesh walimu walipewa idadi ya watu wa kuwapeleka. Asiyetimiza, mshahara unazuiwa. Walimu! Wakati mimi naandika ubaoni kwamba makarani wa India sasa wanawahi kazini, mwalimu mwenzangu wa Uttar Pradesh alikuwa akizunguka kijijini kutafuta mwanamume wa kumtoa ili watoto wake wale.

Je, wasomi walikuwa wapi? Swali hili nilimwuliza mwanachuo wangu pale pale msibani, maana ndilo linalovunja hoja yake. Waliosimama walikuwapo, na magereza yalijaa baadhi yao. Lakini Mahakama ya Juu, kilele cha elimu ya sheria nchini, iliketi na majaji watano kuamua kama mtu aliyewekwa kizuizini anaweza kuiomba mahakama ihoji kifungo chake. Mahakama Kuu tisa za majimbo zilikuwa zimesema anaweza. Mwanasheria wa serikali aliulizwa na Jaji H. R. Khanna itakuwaje afisa akimwua mtu kinyume cha sheria, akakiri kwamba, kwa hoja yake, kwa muda ule hakutakuwa na mahali pa kushtakia. Tarehe 28 Aprili 1976 majaji wanne kati ya watano wakaikubali hoja ya serikali. Khanna peke yake alikataa. Januari 1977 ilipofika zamu yake ya kuwa Jaji Mkuu, cheo akapewa aliye chini yake, Khanna akajiuzulu. Hukumu ile ilikuja kutupwa rasmi mwaka 2017, na aliyeandika hukumu kuu ya kuitupa ni Jaji D. Y. Chandrachud, mtoto wa mmoja wa wale wanne.

Wanne wale hawakukosa kidato cha nne.

Januari 1977 Bibi Gandhi akatangaza uchaguzi. Machi watu wakapiga kura, na mimi nikasikia matokeo redioni nyumbani kwangu chuoni, nikadhani mtangazaji amekosea. Waziri Mkuu alishindwa Rae Bareli, na aliyemshinda ni Raj Narain yule yule. Sanjay alishindwa Amethi. Katika Uttar Pradesh yenye viti 85, Congress haikupata hata kimoja. Bihar yenye viti 54, hata kimoja. Majimbo hayo mawili yalikuwa miongoni mwa yale yaliyo nyuma kabisa kwa elimu; sensa ya 1971 ilikuta kiasi cha watu 2 tu katika kila 10 wanaojua kusoma. Halafu tazama Kerala, jimbo lililoongoza India nzima kwa elimu wakati ule, ambako waliojua kusoma walikuwa 6 katika 10. Huko muungano wa Congress ulishinda viti vyote 20.

Msomaji asinielewe vibaya. Sisemi kwamba ujinga ni hekima, na baada ya maisha yote darasani ningekuwa mwendawazimu kusema hivyo. Watu wa Kerala hawakuwa wapumbavu. Matingatinga na visu vya kufunga uzazi vilipiga kaskazini zaidi kuliko kusini, na vyombo vya habari vilikuwa vimezibwa midomo, kwa hiyo msomaji wa gazeti kule kusini alisoma kile kile nilichosoma mimi: treni zinawahi. Mwanakijiji wa Bihar hakuhitaji gazeti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hilo ndilo kosa la mkufunzi wa 1976, na la Mill, na la huyu wa turubaini: waliidhani kura kuwa karatasi ya majibu, kumbe ni ushahidi. Shahidi haulizwi amefika darasa la ngapi. Anaulizwa alikuwapo au hakuwapo.

Nilivyopokea matokeo yale ni aibu, na niiseme. Sikurudi darasani kulisahihisha somo. Muhula ulikuwa unakaribia kwisha, nikaruka kwenda mada nyingine, na wanachuo wale wakahitimu na daftari zao zikiwa vile vile.

Nitaambiwa: mbona mwaka 1980 watu hao hao walimrudisha Bibi Gandhi kwa viti 353? Ndiyo, walimrudisha. Chama cha Janata walichokichagua kiligombana chenyewe kwa chenyewe, serikali mbili zikaanguka katika miaka mitatu isiyotimia, na watu wakaona bora yule wanayemjua, ambaye sasa alijua kwamba wanaweza kumwondoa. Katikati ya hapo, mwaka 1978, Katiba ilirekebishwa ili Hali ya Hatari isitangazwe tena kwa kisingizio cha fujo za ndani, na ili ulinzi wa uhai wa mtu usiweze kusimamishwa. Mlango ule haukufungwa na wasomi wa Delhi mpaka watu wa Bihar walipowaonyesha kuwa uko wazi.

Nitaambiwa pia kwamba asiyesoma hununuliwa kwa sari, pombe au noti. Ni kweli, India na kwingineko, na kwetu tunazijua fulana na kilo za sukari. Ila katika biashara kuna wawili, na sijapata kumwona mnunuzi wa kura asiyejua kusoma. Kama tunataka kumnyang'anya mmoja wao haki yake, mbona tunaanza na muuzaji mwenye njaa?

Hoja nzito zaidi ni ya Ambedkar mwenyewe, na mimi siwezi kuimaliza. Katika hotuba yake ya Novemba 1949 alionya kwamba India inaingia katika maisha ya kupingana: katika siasa kila mtu kura moja yenye thamani moja, katika uchumi na jamii watu hawalingani kabisa, na pengo hilo lisipozibwa, watakaoumia wataibomoa nyumba yenyewe. Akaonya vile vile juu ya kumwabudu kiongozi. Mwaka 1952 aligombea ubunge Bombay akashindwa. Akajaribu tena mwaka 1954, akashindwa. Wenye hoja ya kidato cha nne hupenda kutaja jambo hili: mwandishi wa Katiba akaangushwa na wasiojua kuisoma! Lakini yeye hakudai wanyang'anywe kura. Na jamii ndogo, iwe Dalit au Waislamu au nyingine, bado yaweza kuonewa na wengi wenye kura. Kwa hiyo Katiba ile iliweka haki ambazo wingi wa kura peke yake hauwezi kuzifuta. Hizo nazo zina majeraha yake, na aliyeufuatilia mwaka 2002 wa Gujarat anajua. Lakini ponyo la hilo haliko katika cheti.

Sikitiko la Rajendra Prasad lilirudi mwaka 2015. Haryana ilitunga sheria kwamba anayegombea katika mabaraza ya vijiji awe amemaliza darasa la 10. Kwa wanawake na Dalit likawekwa darasa la 8, na kwa mwanamke wa Dalit anayetaka ujumbe wa kawaida, darasa la 5. Tena awe na choo nyumbani na asidaiwe umeme. Walioipinga mahakamani walikuwamo wanawake. Desemba mwaka huo Mahakama ya Juu iliikubali sheria, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba elimu ndiyo impayo mtu uwezo wa kupambanua jema na baya. Majaji waliandika hivyo katika mahakama ile ile ya Aprili 1976! Ubunge wa Delhi hauhitaji cheti. Uwaziri hauhitaji cheti. Anayehitaji cheti ni mama wa kijijini anayetaka kusema kisima kichimbwe wapi. Na kama yuko mzee wa Uttawar aliyekamatwa alfajiri ile ya 1976 kwa kuwa hakusoma wala hakuwa na mtu wa kumtetea, sheria hii inamwambia kwamba kwa kuwa hakusoma hafai kuketi barazani. Rajasthan nayo ilikuwa imetangulia kuweka masharti ya namna hiyo. Wao waliyaondoa mwaka 2019.

Nimempelekea mwanachuo wangu nakala ya kurasa hizi pamoja na barua. Nimemwomba, kama kweli daftari bado analo, alifungue kwenye somo la India, apige mstari juu ya maneno yangu yote, na pembeni aandike kwa mkono wake matokeo ya Machi 1977: Rae Bareli, ameshindwa, Amethi, ameshindwa, Uttar Pradesh, 0 kati ya 85, Bihar, 0 kati ya 54. Kisha aniletee nisahihishe.